DNA baada ya hukumu: kwanza zuieni vielelezo visichomwe

Mkuu, msisubiri rufaa iishe! Unasema kaka yako kafungwa miaka 30 kwa kubaka, yuko gereza la Maweni, na mnataka rufaa imalizike ndipo mtafute hela ya DNA. Nani kawaambia hivyo? Sisi tuliambiwa maneno hayohayo na kishoka mmoja, wakili feki anayeandikia watu rufaa hapa Tanga. Alituapia kwamba kielelezo, yaani kitu cha ushahidi kama nguo, kikishapokelewa mahakamani hakipotei. Rufaa ya binamu yangu ikatupwa, tukaanza kuiulizia ile nguo ili ipimwe, tukaonyeshwa amri: kiteketezwe. Ilishachomwa zamani. Bila kitu cha kupima, Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ndiye hupima DNA, atakusaidia nini? Na yule bwana bado yupo, anachukua hela za kina mama wanaotoka vijijini na watoto wao wako ndani. Nikimwona damu inanichemka.

Kwa hiyo isomeni hukumu mpaka mstari wa mwisho, maana hapo ndipo hakimu huamuru vielelezo virudishwe, vitaifishwe au viteketezwe. Kisha wakili, wakili kweli, aombe Mahakama Kuu kwa maandishi vihifadhiwe hadi rufaa iamuliwe, na nakala ipate polisi na waendesha mashtaka. Aulize pia vimefungwaje. Nguo iliyokaushwa na kuwekwa kwenye karatasi hudumu miaka. Kwenye mfuko wa nailoni, kwa joto na unyevu wetu huu, inaota ukungu na vinasaba vinaharibika.

Na msitegemee hoja ya "hakupimwa DNA" peke yake. Mahakama ya Rufani imesharudia mara nyingi kwamba ushahidi bora wa kubaka ni wa mwathirika mwenyewe. Ombeni ushahidi wa ziada upokelewe kwenye rufaa, sheria inaruhusu. Marekani wana sheria ya shirikisho tangu 2004 inayomruhusu mfungwa wa shirikisho kuomba kipimo na inayoitaka serikali ihifadhi vielelezo. Sisi mlango wetu ni huu wa rufaa.

Hukumu ilisomwa lini? Notisi ya kukata rufaa ni ndani ya siku 10, sababu za rufaa siku 45, ukitoa muda wa kusubiri nakala ya mwenendo (kumbukumbu za kesi) na hukumu. Kaka yako amkabidhi mkuu wa gereza hiyo notisi, na barua ya vielelezo iende mahakamani siku hiyohiyo.