Jibu: Mguu unaoburuta jioni kwa mwenye MS

Salama ndugu. Umesema mama ana MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa neva za ubongo na uti wa mgongo), asubuhi anatembea vizuri, jioni mguu wa kulia unaburuta na ameshaanguka. Namuuguza dada yangu mwenye hali hiyohiyo.

Kwanza geuza kiatu cha kulia utazame soli. Ikiwa imelika zaidi kwenye vidole, unyayo hauinuki vya kutosha. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kumpatia kifaa cha kushikilia kifundo. Fimbo aishike mkono wa kushoto, siyo upande wa mguu dhaifu (wengi hupindua hapo). Joto na uchovu huzidisha, kwa hiyo mazoezi yawe asubuhi, kidogokidogo. Na msimsemeshe anapogeuka, asije akapoteza umakini akaanguka! Akidhoofika ghafla, apimwe mkojo, maana hata maambukizi huleta hali hiyo. Dawa za kulegeza misuli mwachie daktari wake.