Maswali Yenu: Wanaoishi na Vichwa Vilivyogongwa

Mwezi huu nimezipa nafasi barua tatu tu, kwa sababu zote zinagusa jambo moja ambalo nimelifanyia kazi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Jambo hilo ni mtikisiko wa ubongo, yaani hali inayompata mtu pale kichwa chake kinapogongwa au kutikiswa kwa nguvu hata ubongo ukashindwa kwa muda kufanya kazi yake sawasawa, ingawa huenda fuvu halikupasuka na mwenyewe hakuzirai. Waandishi wa barua hizi hawakuniuliza sana kuhusu wagonjwa. Waliuliza kuhusu watu wanaowahudumia na kuwachunguza, na nimefurahi kwamba kuna anayewafikiria.

*Katika kikao cha ukoo wetu ilitajwa kwamba mke wa yule daktari wa Kinaijeria aliyegundua ugonjwa wa ubongo wa wachezaji wa Marekani ni mtu wa kwetu Kenya. Je, ni kweli? Na je, ni kweli kwamba ugonjwa huo aliugundua yeye? – Msomaji, Machakos*

La kwanza ni kweli. Dkt. Bennet Omalu amemwoa Prema Mutiso, ambaye asili yake ni Kenya, na wamejaliwa watoto wawili. La pili linahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ukweli wake ni mkubwa kuliko neno "aligundua".

Omalu alizaliwa Nnokwa, mashariki mwa Nigeria, mwezi wa Septemba 1968, vita vya Biafra vikiwa bado vinapiganwa. Aliingia chuo cha udaktari Nsukka akiwa na umri wa miaka 16, na mwenyewe amesimulia wazi kwamba katika miaka ile ya masomo alisumbuliwa na sonona. Alikwenda Marekani mwaka 1994, akapitia Seattle na New York, na hatimaye akafika Pittsburgh kufanya kazi ya kuchunguza maiti katika ofisi ya serikali ya wilaya. Kazi hiyo haina makofi. Mtu hufanya kazi yake kimya, huandika ripoti, kisha huosha mikono na kwenda nyumbani.

Jumamosi ya tarehe 28 Septemba 2002 ililetwa mezani kwake maiti ya Mike Webster, aliyekuwa nguzo ya timu ya Pittsburgh Steelers katika futiboli ya Kimarekani na ambaye alitwaa nayo ubingwa wa Super Bowl mara 4. Webster alikuwa amefariki kwa maradhi ya moyo akiwa na miaka 50 tu, baada ya kuishi miaka yake ya mwisho katika hali ya kusikitisha mno: alilala ndani ya gari lake, akajirudishia meno kwa gundi, na kujipiga shoti ya umeme kwa kifaa cha polisi ili apate usingizi. Omalu hakuwa shabiki wa mchezo ule na karibu hakuujua kabisa. Kwa mujibu wa simulizi yake, alizungumza na marehemu kama anavyozungumza na kila maiti anayemhudumia, akamwomba amsaidie kuujua ukweli.

Alipoutoa ubongo alitazamia kuuona umesinyaa. Haukuwa umesinyaa, bali kwa macho ulikuwa ubongo wa kawaida kabisa. Hapo ndipo daktari mwingine angeweza kuurudisha mahali pake na kufunga faili, tena bila kulaumiwa na yeyote, maana sababu ya kifo ilikwishajulikana. Omalu aliagiza uhifadhiwe katika fomalini, ukakatwa vipande vyembamba mno, ukatiwa rangi maalumu na kuwekwa kwenye vioo vya hadubini, na gharama za kazi hiyo alizilipa kutoka mfukoni mwake. Katika vioo hivyo aliona madoa ya kahawia, ambayo ni malimbikizo ya protini iitwayo tau mahali ambapo hayakustahili kuwapo katika ubongo wa mtu wa umri ule. Mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha matokeo hayo katika jarida la madaktari wa upasuaji wa ubongo. Madaktari watatu wa kamati ya ligi kuu ya mchezo huo, NFL, waliandika wakitaka makala hiyo iondolewe. Haikuondolewa, na hapakupita muda mrefu akachapisha kisa cha mchezaji wa pili.

Sasa nirudi kwenye neno "aligundua". Mwaka 1928, daktari Harrison Martland wa New Jersey, ambaye naye kazi yake ilikuwa kuchunguza maiti, alieleza jinsi mabondia waliopigwa ngumi za kichwa kwa miaka wanavyoanza kupepesuka na kuchanganyikiwa, na katika miongo iliyofuata matabibu wa Uingereza waliendelea kuuchunguza ugonjwa huo wa mabondia. Kwa hiyo ugonjwa, na hata jina lake linalofupishwa CTE (kwa Kiingereza chronic traumatic encephalopathy, yaani kuharibika polepole kwa ubongo uliogongwa mara nyingi), ulikuwapo vitabuni kabla Omalu hajazaliwa. Alichokifanya yeye ni kuuona ndani ya ubongo wa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, mahali ambapo hakuna aliyetaka kuutafuta, na kukataa kunyamaza. Wapo wanasayansi wenzake wanaomlaumu kwamba baadaye alijikweza kupita kiasi na kwamba katika baadhi ya kauli zake alikwenda mbali kuliko ushahidi ulipofika. Lawama hizo nazichukulia kwa uzito, lakini hazinifanyi nisahau Jumamosi ile ya mwaka 2002.

Umeuliza pia kuhusu mke wake, na nadhani hilo ndilo swali lenyewe. Aliyeoa au kuolewa na mtu wa kazi kama hii huingia kwenye kazi hiyo hata kama hajawahi kushika hadubini. Fikiria nyumba ambayo pesa za mshahara zinalipia vioo vya ubongo wa mtu asiye ndugu, huku wenye nguvu wakimwita mwenye nyumba mzushi. Familia hiyo iliondoka Pittsburgh mwaka 2007 na kuhamia California, ambako Omalu alikuwa mkuu wa uchunguzi wa maiti katika wilaya ya San Joaquin hadi alipojiuzulu mwishoni mwa mwaka 2017, akilalamika kwamba kazi yake ilikuwa inaingiliwa. NFL yenyewe ilikiri hadharani kuwapo kwa uhusiano baina ya mchezo wake na CTE mwezi wa Machi 2016. Kutoka meza ya Webster hadi siku hiyo ni zaidi ya miaka 13, na muda wote huo kulikuwa na watoto wa kulea.

*Mume wangu ni mtaalamu wa tiba ya viungo katika timu ya raga. Jumamosi usiku hurudi nyumbani asile chakula, akakaa na simu mkononi akisubiri ujumbe kutoka kwa mama wa kijana aliyemtoa uwanjani. Kocha humfokea mbele ya watu kila anapomtoa mchezaji. Je, nimshauri aache kazi? – Mke wa mtu, Nakuru*

Dada yangu, usimshauri aache kabla hamjajaribu kubadilisha mazingira ya kazi yenyewe. Namwelewa mumeo kuliko anavyoweza kujua.

Niliwahi kuifanya kazi hiyohiyo katika timu moja ambayo sitaitaja. Siku moja kijana wetu aliinuka baada ya kugongana na mwenzake, akasogea pembezoni mwa uwanja na kuanza kufunga kamba za kiatu cha kushoto. Alipomaliza alizifungua na kuzifunga upya. Kisha akaniuliza, kwa mara ya tatu, tulikuwa tunaongoza kwa pointi ngapi. Nilijua maana yake. Kocha alinitazama, zilikuwa zimebaki dakika 12, nami nikamwacha kijana arudi. Alipona, namshukuru Mungu, lakini muhula mzima ulipita kabla hajaweza kusoma ukurasa mmoja wa kitabu bila kichwa kumuuma. Mumeo anakosa usingizi kwa sababu ya watu aliowatoa. Mimi nilikosa usingizi kwa sababu ya mmoja niliyemwacha, na nakuhakikishia kwamba usingizi wa mumeo hurudi upesi zaidi.

Jambo la kwanza la kumwambia ni kwamba sheria iko upande wake. Kanuni ya raga kwa ngazi zisizo na madaktari na kamera za mechi kubwa ni kutambua na kuondoa: mchezaji anayeshukiwa tu kupata mtikisiko wa ubongo hutoka na harudi siku hiyo, hata akisema anajisikia vizuri, kwa sababu ubongo uliotikisika ndio huohuo unaomjulisha kwamba yuko vizuri. Kabla ya msimu kuanza, mumeo aombe uongozi wa timu uweke kwa maandishi kwamba uamuzi wa kumtoa mchezaji kwa ajili ya kichwa ni wake peke yake, na kocha atie sahihi. Maneno yaliyotiwa sahihi mwezi wa kwanza hupunguza makelele ya mwezi wa sita.

La pili ni simu ile. Nashauri kila familia ipewe, kabla kijana hajaondoka uwanjani, karatasi yenye dalili za hatari: kutapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yanayozidi, kuchanganyikiwa kunakoongezeka, degedege, udhaifu wa mkono au mguu, au usingizi ambao mtu haamshiki. Dalili mojawapo ikionekana, ni hospitali mara moja, na si kusubiri ushauri wa mtaalamu wa timu. Mama akiwa na karatasi hiyo mkononi, mumeo anaweza kula chakula chake, kwa sababu mlinzi wa usiku huo si yeye peke yake.

Hata hivyo, sitakudanganya kwamba mzigo wote utaisha. Chris Nowinski, aliyecheza futiboli katika Chuo Kikuu cha Harvard kabla ya kuwa mwanamieleka wa kulipwa, aliumia kichwa mwaka 2003, akaficha dalili kwa wiki kadhaa, na mwishowe akalazimika kuacha ulingo. Mwaka 2007 alianzisha shirika la kushughulikia suala hili pamoja na Dkt. Robert Cantu, daktari aliyekuwa amemhudumia, na baadaye akarudi darasani hadi akapata shahada ya uzamivu. Kazi moja aliyoifanya kwa miaka ni kupiga simu kwa familia iliyofiwa, mara nyingi machozi yakiwa hayajakauka, kuomba ubongo wa marehemu kwa ajili ya utafiti. Mtu hawezi kuizoea simu ya namna hiyo, na sidhani kwamba inafaa aizoee. Mumeo akikaa kimya Jumamosi usiku, usimlazimishe kuzungumza papo hapo, lakini Jumapili muulize jina la kijana. Kulitaja jina kunasaidia.

*Nasoma kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Nataka kuwa mtafiti wa ubongo wa wanamichezo. Nianzie wapi, na je, ni lazima niende Ulaya au Marekani? – Mwanafunzi, Morogoro*

Mwanangu, njia ya udaktari hapa nyumbani unaijua: miaka 5 ya shahada ya kwanza, Muhimbili au chuo kingine, mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kisha shahada ya uzamili katika fani utakayoichagua. Patholojia itakupeleka kwenye hadubini, upasuaji wa ubongo utakupeleka kwenye chumba cha upasuaji, na magonjwa ya akili yatakuketisha na mtu ambaye mke wake analalamika kwamba si yule aliyemwoa. Zote zinahitajika.

Usidhani lakini kwamba ni lazima uanze na ubongo wa mwanamichezo. Dkt. Ann McKee, mwenyeji wa Appleton katika jimbo la Wisconsin na shabiki wa timu ya Green Bay Packers, alitumia miaka mingi kuchunguza ugonjwa wa Alzheimer kabla ya jina lake kufungamana na CTE huko Boston. Mwaka 2017 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa bongo za wachezaji 111 waliopita NFL, na 110 kati yao zilikuwa na ugonjwa huo. Ukiitaja takwimu hiyo, taja pia kwamba bongo hizo zilitolewa na familia ambazo nyingi zilikwisha kuona dalili, hivyo haina maana kwamba karibu kila mchezaji ataugua. Mtafiti anayesahau kusema hivyo huwatia watu hofu isiyo na kipimo. Na hadi leo CTE inathibitishwa tu baada ya mtu kufariki, jambo linalokuonyesha ukubwa wa kazi inayokusubiri.

Kuhusu safari, huenda ikakulazimu kwenda nje kwa kipindi fulani kwa ajili ya maabara. Lakini mojawapo ya tafiti zilizobadilisha soka duniani ilitegemea kumbukumbu zaidi ya hadubini. Dkt. Willie Stewart na wenzake wa Glasgow walichukua majina ya wachezaji 7,676 wa zamani wa Uskoti, wakayalinganisha na rekodi za afya na vifo vya watu wengine wa umri na hali kama zao, na mwaka 2019 wakaonyesha kwamba wachezaji hao walikuwa na uwezekano wa kufa kwa magonjwa ya kuharibika ubongo mara 3.5 zaidi. Baadaye ilidhihirika kwamba walinda lango, ambao ni nadra kupiga mpira kwa kichwa, hawakuwa na ongezeko kama la mabeki. Kazi ile iliwezekana kwa sababu mtu aliandika kumbukumbu kwa uangalifu, mwaka baada ya mwaka, bila kujua zingekuja kutumikaje.

Kwa hiyo usipuuze hesabu na takwimu ukizikuta chuoni, na usimdharau muuguzi anayejaza daftari la wagonjwa. Pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, utawakuta watu wengi walioumia vichwa barabarani, wakiwamo abiria wa bodaboda wasiovaa kofia ngumu, na ubongo haujali kama umetikiswa na mpira, ngumi au lami.

Wiki hii, mwombe mwalimu wa michezo akuruhusu kusimama pembezoni mwa uwanja wakati wa mechi za shule ukiwa na daftari. Kila kichwa kinapogongwa, andika tarehe, dakika, jinsi kilivyogongwa, alichosema mchezaji alipoinuka, na kama alitolewa au aliachwa. Jina lake usiliandike, mpe namba. Ukishafika mechi ya 20, niandikie tena uniambie ulichokiona.