Jibu: Kaka amegongwa Likoni, na yeye ndiye aliyeshtakiwa

Salaam ndugu, pole sana. Nimekuelewa hivi: matatu ilimgonga kakako na boda yake karibu na feri, mguu umevunjika, na sasa anashtakiwa kwa kuendesha ovyo. Hizo ni kesi mbili: ya trafiki anayoshtakiwa, na ya kudai fidia ya mguu wake.

Kwanza kabisa, asikiri kosa ili tu aachiliwe upesi. Akipatikana na hatia, hukumu hiyo itatumika dhidi yake kwenye madai ya fidia. Halafu chukueni abstrakti ya polisi (muhtasari wa ripoti ya ajali), mkague nambari ya gari na ya bima papo hapo kaunta. Ya binamu yangu ilikosewa tarakimu moja, tukahangaika mno. P3, fomu ya polisi ya kuonyesha majeraha, ijazwe na daktari. Mna miaka 3 ya kudai tangu ajali. Kama hamna pesa za wakili, Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wana ofisi Mombasa.