Nilimwandikia dada aliyenitangulia miaka miwili

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mwanafunzi atampataje mhitimu wa chuo chake wa kumshika mkono kuelekea kazini? Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wangu wa tatu tangu nihitimu, na nawajibu hasa wanaosoma uuguzi.

Mwanzoni nililenga juu mno. Nilimwandikia mhitimu aliyekuwa na cheo kikubwa, barua ndefu, nikimwomba awe mlezi wangu wa kitaaluma. Hakujibu. Leo namwelewa kabisa. Mtu wa zamu hawezi kupokea mzigo asioujua uzito wake.

Mara ya pili nilimwomba mwalimu wa kliniki anitafutie mhitimu wa wodi ya upasuaji, amuulize kwanza kama yuko radhi nipewe namba yake. Nikapata ya dada aliyenitangulia miaka miwili tu. Nilimwandikia mistari minne: mimi ni nani, niko mwaka gani, nani kanielekeza kwake, na swali moja. "Dada, wakati wa kukabidhi zamu natetemeka, nasahau nusu ya mambo. Wewe ulifanyaje?"

Alijibu kesho yake, alipotoka zamu ya usiku. Alinitumia picha ya karatasi isiyojazwa, iliyokunjwa mara mbili ikatosha mfuko wa sare. Kila kitanda kimegawiwa visanduku vinne: hali ya mgonjwa sasa, alikotoka na ugonjwa wake, nilichokiona mimi, na ninachoomba kifanyike. Pembeni kuna safu ya saa, ya kuandika dawa inayofuata, dripu ya kubadilisha, presha ya kurudia. Mpangilio huo ndio SBAR, utaratibu wa kukabidhi taarifa za mgonjwa tuliofundishwa darasani, na kwenye mtihani niliujibu vizuri. Lakini sikuwahi kuona unavyokaa mfukoni mwa mtu anayefanya kazi.

Wiki iliyofuata nilimrudia: nimeijaribu, hapa imenisaidia, hapa nimekwama. Nadhani ndipo uhusiano wetu ulipoanza hasa. Wengi huuliza, wakishajibiwa wanapotea, na aliyejibu hajui kama maneno yake yalifika popote.

Jambo jingine: anayekupa alama si rahisi awe mlezi wako, hata awe mwema kiasi gani, kwa sababu mbele yake utaficha udhaifu. Dada yule hakuwa na alama yoyote ya kunipa, ndiyo maana niliweza kumweleza kwamba siku moja nilichelewa kupima presha ya mgonjwa na nikaona aibu kusema. Hakunigombeza. Aliniambia nikamweleze msimamizi wa zamu siku hiyohiyo, na kwenye chati niandike saa niliyopima kweli, si saa niliyotakiwa kupima. Nilikwenda huku magoti yakinilegea. Tangu hapo sijawahi kuandika saa isiyo ya kweli kwenye chati.

Nilimweleza kisa bila jina la mgonjwa wala picha ya chati. Hayo hayatoki wodini, hata mlezi wako awe muuguzi mwenye leseni.

Na msione haya kuhitaji mtu. Linda Richards alihitimu mafunzo ya uuguzi Marekani mwaka 1873, akaongoza wauguzi wenzake, na bado mwaka 1877 alivuka bahari hadi Uingereza kujifunza zaidi, akakutana na Florence Nightingale, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa.

Dada yule alitamani sana niingie wodi ya upasuaji kama yeye. Mimi moyo wangu ulikuwa leba. Nilichukua wiki mbili kupata ujasiri wa kumwambia, nikidhani nitamvunja moyo. Akaniuliza swali moja tu, kama nimeshakaa leba zamu nzima ya usiku. Nikasema ndiyo, mara tatu. Jioni ile akanitumia namba ya mwanafunzi mwenzake wa zamani, mkunga, na ujumbe: "Nimeshamwambia. Muandikie mistari minne."