Mwanafunzi Mchina anajua maneno ya Kiingereza lakini vifungu virefu vinamshinda: afanye mazoezi gani?

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mtanzania ninayesoma shahada ya uzamili mjini Jinhua, katika jimbo la Zhejiang nchini China. Familia moja jirani imeniomba nimsaidie kijana wao wa miaka 16, aliye mwaka wa pili wa sekondari ya juu, kujiandaa kwa Kiingereza cha gaokao, yaani mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu. Anakariri maneno kila siku kwa programu ya simu, na kila wiki anamaliza karatasi kadhaa za mazoezi, lakini katika maswali 15 ya ufahamu hupata 9 au 10 tu. Vifungu viwili vya kwanza havimsumbui. Viwili vya mwisho ndivyo vinavyomwangusha. Anaposoma huandika maana ya Kichina juu ya karibu kila neno. Je, aongeze msamiati? Ni sahihi kusoma maswali kabla ya kifungu, kama alivyofundishwa? Na mbali na karatasi za mitihani, asome nini?

JIBU

Marahaba. Jambo lenye manufaa zaidi katika maelezo yako ni kwamba umetaja vifungu anavyofaulu na vile anavyokosa. Katika karatasi ya taifa inayotumika Zhejiang, Kiingereza kina alama 150, na ufahamu wa kusoma unabeba 50: vifungu vinne vyenye maswali 15 vina alama 37.5, na zoezi la kurudisha sentensi tano zilizoondolewa katika kifungu, kwa kuchagua kutoka orodha ya saba, lina 12.5. Kifungu cha kwanza kwa kawaida ni tangazo au maelezo ya huduma fulani, cha pili mara nyingi ni simulizi, na viwili vya mwisho huwa vya maelezo ya kisayansi, ya kijamii au ya hoja. Maneno ya vifungu hivyo vya mwisho si magumu zaidi kwa kiwango kikubwa hivyo, na baadhi ya yaliyo nje ya mtaala hufafanuliwa kwa Kichina papo hapo. Kinachobadilika ni urefu wa sentensi na namna hoja inavyofungamanishwa. Kwa hiyo, kabla hujamwongezea hata neno moja la kukariri, hakikisha kwanza ugonjwa ni upi.

Mpe kifungu cha mwisho cha karatasi asiyowahi kuifanya. Mwache asome bila saa, akiwa na kamusi, na umruhusu kuuliza maana ya neno lolote. Akipata maswali yote, tatizo lake ni msamiati au kasi. Akikosa mawili au matatu ilhali kila neno analijua, basi msamiati haukuwa kiini, na hata akiongeza maneno elfu moja atabaki pale pale. Kwa jinsi ulivyoeleza, natarajia utakuta hali hii ya pili, hasa kwa sababu ya ile tabia ya kuandika Kichina juu ya kila neno. Anayefanya hivyo anapata rundo la maana asilojua namna ya kulipanga.

Chukua sentensi hii niliyoitunga kwa maneno ambayo kijana wako anayajua yote: "The well that the farmers who moved here in 1958 dug by hand still supplies most of the water the school uses." Ina vitenzi vinne, na mwanafunzi anayesoma neno kwa neno huvichukulia kama matukio manne yanayofuatana: kuna kisima, wakulima walihamia, wakachimba, shule inatumia. Akiulizwa ni nini kinachotoa maji, anaweza kujibu kwamba ni wakulima. Chanzo ni mpangilio wa lugha yake. Katika Kichina, maelezo yote yanayofafanua nomino hutangulia nomino hiyo na mara nyingi kuunganishwa nayo kwa kijineno "de", hivi kwamba msomaji hupitia kwanza mwaka 1958, kuhama, wakulima na kuchimba, kisha ndipo akutane na kisima. Kiingereza kinataja kisima mwanzoni, kinarundika maelezo nyuma yake, na kumwachia msomaji kazi ya kushikilia kisima hicho akilini hadi kitenzi chake kifike. Tena vitenzi vya Kichina havibadiliki umbo kwa kufuata wakati wala kiima, kwa hiyo jicho la kijana halijazoea kutafuta ishara hizo.

Hapa wewe mwenyewe ujihadhari. Kiswahili kinafuata njia ileile ya Kiingereza: tunasema kisima ambacho wakulima waliohamia hapa walikichimba, na hata sentensi ikirefuka, kile "ki" cha "kinaipatia shule maji" kinaturudisha kwenye kisima bila taabu. Uzito anaoubeba mwanafunzi wako huusikii. Usimwambie kwamba sentensi ni rahisi, mfundishe kuifungua.

Njia ninayoipendekeza ni hii. Kila siku achague sentensi tatu ndefu kutoka vifungu alivyokwisha kuvifanya, si vipya. Apige mstari chini ya kila kitenzi chenye umbo la wakati, kisha azungushie kila kiunganishi au kirejeshi kinachofungua kishazi. Idadi ya vitenzi hivyo huzidi idadi ya viunganishi kwa moja, na kile kimoja kinachobaki bila kiunganishi ndicho kitenzi kikuu. Katika sentensi ya kisima tuna vitenzi vinne, lakini viunganishi vinavyoonekana ni viwili tu, "that" na "who". Kwa hiyo kimoja kimefichwa, nacho ni kile kilichoachwa kabla ya "the school uses". Mwanafunzi anayeweza kugundua kiunganishi kilichofichwa amepiga hatua kubwa kuliko aliyekariri maneno hamsini. Mtego atakaokutana nao mapema ni wa maneno kama "dug" au "supplied", ambayo yana umbo la wakati uliopita lakini mara nyingine hufanya kazi ya kufafanua nomino tu, kama katika "the water supplied to the school". Ajiulize kila mara: je, nomino hii ndiyo iliyotenda?

Akishapata kitenzi kikuu, aisome sentensi ikiwa na kiima, kitenzi na yambwa peke yake, halafu arudishe maelezo moja baada ya jingine. Mwishoni aiseme sentensi nzima kwa Kichina fasaha, kwa mpangilio wa Kichina. Wapo walimu wanaokataza kabisa lugha ya kwanza darasani, nami sikubaliani nao katika jambo hili: mtoto anayeweza kuisema sentensi upya kwa Kichina cha kawaida amethibitisha kwamba ameielewa, ilhali yule anayeandika maana juu ya kila neno hajathibitisha chochote. Kama Kichina chako hakitoshi kuhakiki, mwombe mzazi asikilize bila kuiona sentensi ya Kiingereza, kisha aseme kama alichosikia kinaeleweka.

Kuna mambo mawili madogo yanayokwenda pamoja na hilo. La kwanza ni viwakilishi. Katika Kichina, mtu au kitu kinachojulikana tayari mara nyingi hakitajwi tena, na katika matamshi neno la kumrejelea mwanamume, mwanamke au kitu ni lilelile moja, "tā". Kila anapokutana na "it", "this", "such" au "which" katika vifungu viwili vya mwisho, achore mshale hadi kwenye kinachorejelewa, akikumbuka kwamba "which" baada ya mkato inaweza kurejelea wazo lote lililotangulia. La pili ni viunganishi vya kupinganisha. Kichina huzoea kuviweka viwili viwili, "suīrán" (ingawa) upande mmoja na "dànshì" (lakini) upande wa pili, wakati Kiingereza hutumia "although" peke yake na kuacha upande wa pili bila alama yoyote. Msomaji anayengoja alama ya pili huikosa, na kwa kawaida huko ndiko hoja kuu ya mwandishi iliko.

Kuhusu msamiati, orodha ya mtaala wa sekondari ya juu ina maneno yapatayo 3,000, na programu za simu humpa mwanafunzi neno pamoja na maana moja au mbili za Kichina. Katika vifungu vigumu, neno linalomwangusha mara nyingi ni lile analodhani analijua. Amekariri "address" kama anwani, kumbe kifungu kinazungumzia kushughulikia tatizo. Amekariri "while" kama wakati, kumbe mwanzoni mwa sentensi ile inamaanisha ingawa. Asiongeze orodha. Ayarudie maneno ya kawaida kwa kutumia kamusi ya wanafunzi ya Kiingereza kwa Kiingereza, aandike sentensi aliyolikuta neno hilo, na aache kulikariri likiwa peke yake.

Sasa nije kwenye maswali. Kusoma maswali kwanza kunafaa kwa kifungu cha tangazo, ambako kazi ni kutafuta bei, tarehe au sharti. Kwa vifungu vya hoja, asome mashina ya maswali tu bila machaguo manne, kwa sababu matatu kati ya machaguo hayo yameandikwa ili kupotosha, na anayeyasoma kwanza huanza kifungu akiwa na mawazo ya uongo kichwani. Akimaliza kusoma, ayafunike machaguo, ajibu kwa maneno yake, ndipo ayafunue.

Tuseme kifungu kinaeleza kwamba jiji fulani lilipanda miti kando ya barabara, na kwamba katika mwaka wa pili miti mingi ya mitaa ya pembezoni ilikauka kwa kuwa hakuna aliyepewa jukumu la kuimwagilia. Swali linauliza mwandishi anadokeza nini kuhusu mpango huo. Chaguo la kwanza linasema miti hupunguza joto mjini. Ni kweli duniani, lakini kifungu hakikusema, wala swali halikuuliza. La pili linasema mpango wote ulishindwa; limevuka mipaka, maana iliyokauka ni ya pembezoni. La tatu linasema wakazi walikataa kumwagilia miti. La nne linasema mpango haukufikiria matunzo ya baadaye. Wanafunzi waliozoea kulinganisha maneno huvutwa na la tatu, kwa sababu kumwagilia kumetajwa katika kifungu. Lakini kutopewa jukumu si kukataa. La nne halirudii neno lolote la kifungu, nalo ndilo sahihi. Watungaji wa mitihani hulisema upya jibu sahihi kwa maneno mengine na kupanda maneno ya kifungu ndani ya majibu ya uongo, na kijana wako anapaswa kuliona hilo kwa macho yake mara nyingi hadi alizoee.

Ndiyo maana karatasi kadhaa kwa wiki ni nyingi mno. Moja inatosha, mradi kila jibu, hata lililo sahihi, liandikiwe pembeni namba ya mstari wenye ushahidi. Bila shaka tayari ana daftari la makosa, kwa kuwa wanafunzi wengi wa China hufundishwa kuliweka, lakini mara nyingi hubandikwa humo swali na herufi ya jibu sahihi tu. Aandike badala yake kwa nini chaguo alilolichukua ni la uongo, na aonyeshe katika safu yake kama kosa lilitokana na sentensi, kiwakilishi, neno, au kuweka maarifa yake mahali pa maneno ya mwandishi. Baada ya mwezi mmoja safu moja itakuwa ndefu kuliko nyingine, nanyi mtajua pa kuweka nguvu.

Mbali na mitihani, asome vitabu vya ngazi, vile vya hadithi na maelezo vilivyoandikwa kwa msamiati uliopimwa. Watafiti wa usomaji, akiwemo Paul Nation wa New Zealand, wametaja asilimia 98 kuwa kiwango cha maneno yanayojulikana kinachomwezesha mtu kusoma peke yake kwa raha, yaani neno geni 1 katika kila maneno 50. Mfungulie ukurasa wowote, mhesabu maneno mageni. Yakizidi hapo, shukeni ngazi, hata kama yeye ataona kitabu ni cha watoto. Dakika 20 kila siku, bila kamusi na bila kalamu. Vingi vinavyouzwa huko vina tafsiri ya Kichina ndani. Afunike upande huo kwa karatasi. Simulizi zisidharauliwe kwa kuwa anafaulu kifungu cha pili, kwa sababu karatasi hiyohiyo humtaka aendeleze hadithi kwa maneno yapatayo 150, kwa alama 25, na hawezi kuiendeleza vyema hadithi ambayo hakuona nia za wahusika wake.

Saa iingie mwishoni. Mtihani wote ni dakika 120, na takriban 20 za mwanzo ni za kusikiliza. Akishaweza kufungua sentensi bila kuandika chochote juu yake, mpe dakika nane kwa kila kifungu cha hoja na maswali yake, na chini ya hapo kwa tangazo. Zhejiang hutoa nafasi mbili za Kiingereza katika mwaka wa tatu, Januari na Juni, na alama ya juu ndiyo inayohesabiwa. Kwa hiyo muhula huu na likizo inayofuata vitumike kwa sentensi, ushahidi na vitabu vya ngazi, na karatasi kamili zenye saa zianze shule inapofunguliwa Septemba.