Dawa ya bangi iliyoidhinishwa ipo
Ipo, ndugu. Si kweli kwamba hakuna dawa ya bangi iliyopita kwa wataalamu. Epidiolex iliidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, Juni 2018, kwa kifafa sugu cha aina ya Dravet na Lennox-Gastaut, aina mbili kali zinazoanza utotoni. Ni kannabidioli iliyosafishwa, yaani kemikali moja ya mmea wa bangi, na hailevyi. Mimi ni muuguzi huku Minnesota. Naona mama anavyoipima dawa hiyo ya maji kwa bomba la sindano lisilo na ncha na kumnywesha mtoto, asubuhi na jioni, inanukia stroberi, na mtoto aliyekuwa akianguka kila siku sasa anamaliza wiki darasani. Mzazi kama huyo hastahili kuitwa mhalifu hata kidogo. Ila inaweza kudhuru ini, lazima damu ipimwe, na mafuta ya bangi ya kuchemsha nyumbani si mbadala wake.