Hema la kushona mwenyewe: wapi pa kutia nguvu kabla ya kupanda uwanda wa Kitulo

Hema jepesi la kushona nyumbani ni nadra kuchanika katikati ya kitambaa. Huchanika pale kamba inapovuta: kwenye kona, kwenye kilele kinachobebwa na nguzo, na kando ya mishono. Gramu chache ulizo tayari kuongeza zipeleke huko.

Kwanza kitambue kitambaa, hasa kama ni cha mitumba kutoka soko la Mwanjelwa, Mbeya, na hujui kilikuwa nini. Bandika selotepu pande zote mbili. Ikishika sawasawa, upande huo huenda umepakwa poliyurethani (utando wa plastiki wa kuzuia maji). Ikiteleza na kubanduka bila nguvu, umepakwa silikoni. Usiruke hatua hii, kwa sababu juu ya silikoni hushika silikoni tu. Gundi ya viatu itaonekana imeshika, kisha itabanduka ukikunja hema mara mbili tatu. Kwenye poliyurethani tumia gundi ya poliyurethani inayobaki laini ikishakauka.

Tundu dogo usilishone, maana kila pigo la sindano ni tundu jingine la maji. Futa kwa spiriti, kata kiraka cha kitambaa kilekile kinachozidi tundu kwa sentimita 3 kila upande, kona zake zikate ziwe za mviringo (kona kali ndiyo huanza kunyanyuka), paka gundi nyembamba, weka kitu kizito juu yake na uache saa 24. Mpasuko mrefu ndio wa kushona kwanza, halafu kiraka juu.

Sasa kona. Kosa la mafundi wengi wa cherehani ni kupiga mstari mmoja ulionyooka, unaokatiza mvuto wa kamba, tena kurudia mara tano hapohapo ili "ushike". Mstari huo unakuwa kama matundu ya karatasi ya stempu: upepo ukivuta, kitambaa kinachanika palepale. Weka kiraka cha tabaka mbili chenye upana wa sentimita 12 hadi 15, ukingo wake wa ndani uwe wa mviringo, na nyuzi zake zielekee sawa na nyuzi za hema. Zikipishana, kona itavutika upande mmoja na kukunjamana. Juu yake shona mkanda wa begi wa milimita 20, mishono mirefu ikifuata mvuto. Uzi uwe wa polyesta, si pamba inayooza. Sindano namba 11 inatosha, na pigo liwe la milimita 3. Pigo fupi kuliko hapo hukata kitambaa.

Mishono ya hema la silikoni izibwe kwa silikoni safi ya tyubu, ile ya vioo, sehemu 1 kwa sehemu 2 za waiti spiriti (ile ya kuyeyushia rangi). Fanya kazi nje, mbali na moto. Paka kwa brashi upande wa nje hema likiwa limekazwa, futa inayozidi, na ikikauka nyunyiza poda ya mtoto ili kitambaa kisigandane kikikunjwa.

Nguzo ya mwanzi inafaa, na Iringa mianzi si ya kutafuta. Chukua uliokauka, mbichi hupasuka ukikauka, na ule wa ulanzi, pombe ya mwanzi, waachie wagema. Funga uzi kuzunguka ncha, ivishe kipande cha tyubu ya baiskeli, na kileleni weka tabaka 3 za kitambaa.

Nailoni hulegea ikilowa, kwa hiyo mvua ya Rungwe ikianza, toka ukakaze kamba. Hema lililolegea hupigapiga usiku kucha, na kupigapiga huko ndiko kunakochosha mishono.

Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi, usiku wa Juni na Julai hushuka hadi jalidi, na asubuhi wengi hulalamika kwamba hema linavuja. Angalia dari. Matone yakiwa yameenea kote, ni pumzi yako iliyoganda na kuyeyuka: fungua tundu la hewa juu na nyanyua pindo la upande wa upepo kidogo. Yakiwa yamepangana kwenye mstari wa mshono, hapo ndipo urudie brashi.